Mtoto Huyu wa Nani? Kisa cha Pasi ya Mtoto

Familia inayofunga safari ya kurudi ughaibuni baada ya kukaa nyumbani miaka miwili mitatu mara nyingi haikwamishwi na baba wala mama. Baba ana kitabu chake kilichochakaa pembeni, mama ana chake chenye viza, na wote wawili njia wanaijua. Anayewakwamisha ni yule mdogo kuliko wote, aliyezaliwa huko huko nyumbani, asiyejua Leicester wala Muscat wala Minneapolis, na ambaye karatasi yake pekee duniani ni tangazo la kuzaliwa alilopewa mama yake hospitalini. Tiketi zimekatwa, nyumba imepata mpangaji, masanduku yamepimwa kwenye mizani ya kuazima, na mtoto hana pasi.

Katika makala haya hatutaorodhesha fomu. Fomu hubadilika kila mwaka, na anayezitaka aende ubalozini au idara ya uhamiaji akazipate mbichi. Sisi tunataka kurudi nyuma kidogo tutazame kitabu hiki cha mtoto kimetoka wapi, na kwa nini kinasumbua kuliko cha mkubwa. Mtu mzima akifika dirishani huulizwa yeye ni nani. Mtoto hawezi kujibu swali hilo, kwa hiyo huulizwa mwenziwe: huyu wa nani? Swali hili kila serikali imelijibu kwa namna yake na kwa wakati wake, na kila jibu lilipobadilika kuna watu walioachwa nje ya mlango.

Wazee wetu wa pwani walisafiri na watoto bila kitabu chochote. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Ghuba, kusi ikayarudisha, na mtoto aliyepandishwa jahazini Mombasa au Unguja alijulikana kwa jina la baba na la babu. Nahodha alimjua baba, na upande wa pili kulikuwa na ami au mjomba wa kumpokea. Ukoo ndio uliokuwa pasi. Tusiyapambe sana mambo hayo, kwa sababu majahazi yale yale katika karne ya kumi na tisa yalibeba pia watoto ambao hakuna aliyeuliza ni wa nani, wakaenda kuuzwa. Mtoto asiye na mtu wa kumtaja jina alikuwa hatarini zamani zile kama alivyo hatarini leo.

Utawala wa kikoloni ulileta karatasi, lakini karatasi za mwanzo zilimtafuta mwanamume mzima. Kenya ilitunga sheria ya kuandikisha wenyeji mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu, na kila mwanamume Mwafrika aliyetimia miaka 16 akalazimika kuvaa kipande shingoni, ndani ya kijaluba cha bati. Mtoto hakuwa na kipande, wala mama yake. Serikali iliyataka mabega ya kufanya kazi, na mtoto bado hakuwa na bega.

Kitabu cha pasi tunachokijua sasa kilikubaliwa Paris, katika mkutano ulioitishwa na Shirikisho la Mataifa mwezi Oktoba 1920. Ndipo zilipopatikana zile kurasa 32 na mpangilio wa mambo unaofanana kutoka nchi hadi nchi. Mpangilio ule ulimfikiria mtu mmoja, naye ni mkuu wa nyumba. Picha yake ilikuwa upande mmoja, ya mkewe upande wa pili, na chini yake pakaachwa mistari ya watoto: jina, tarehe ya kuzaliwa, mke au mume. Mtoto hakuwa na picha. Alikuwa mstari mmoja wa wino katika kitabu cha baba yake.

Waingereza waliutumia mtindo huo miongo mingi, na nchi zetu ziliurithi zilipopata uhuru. Wengi wetu tuliozaliwa kabla ya miaka ya 80 tuliingia Ulaya au Ghuba kama mistari ya namna hiyo. Ulikuwa na raha yake: gharama moja, foleni moja, kitabu kimoja cha kuogopa kupotea. Ila mwenye kitabu aliweza kusafiri peke yake, na walioandikwa ndani yake hawakuweza kwenda popote bila yeye. Baba akiitwa kazini Dubai kwa ghafla, mama na watoto wanne hubaki bila karatasi hata moja. Bibi akifariki Tanga, mama hawezi kuwachukua watoto kwenda kuzika, kwa kuwa watoto wamo mfukoni mwa koti la baba, na koti liko Dubai.

Uhuru ulipokuja, swali la mtoto ni wa nani likawa la dola nzima. Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, aliyezaliwa nchini akiwa na mzazi mmoja naye mzaliwa wa Kenya alikuwa raia papo hapo. Wengine walipewa miaka miwili ya kujiandikisha. Familia nyingi za Kihindi zilibaki na pasi za Uingereza, nyingine zikagawana, huyu akachukua hii na yule ile, ili upepo ukigeuka pawe na mlango mmoja wazi. Upepo uligeuka. Mwaka 1968 Bunge la Uingereza lilipitisha kwa siku chache tu sheria iliyosema kuwa pasi ya Uingereza peke yake haitoshi kuingia Uingereza: mwenye pasi awe na mzazi, au babu au bibi, aliyezaliwa huko au kupata uraia huko. Watu walioshika pasi halali wakajikuta wanaulizwa wao ni wajukuu wa nani.

Zanzibar ilikuwa na kisa chake. Dola iliyopata uhuru tarehe 10 Desemba 1963 iliondoka tarehe 12 Januari 1964, na mwezi Aprili mwaka huo huo visiwa vikaungana na Tanganyika. Vijana waliokuwa masomoni Cairo na London waliondoka na karatasi za nchi moja, na walipoamka nchi hiyo haikuwapo tena. Oman ilipopata mtawala mpya, Sultan Qaboos, mwezi Julai 1970, naye akawaita Waomani walioko nje, wengi wa watu hao na watoto wao waliozaliwa Unguja, Pemba, Dar es Salaam na Mombasa walikwenda. Kilichowafungulia mlango ni nasaba ya upande wa baba. Mtoto asiyejua neno la Kiarabu ila la chuoni alipata pasi ya Oman kwa sababu babu wa babu yake alitajika. Mwenziwe, jirani wa mlango mmoja, aliyekuwa Mwomani kwa mama tu, alibaki na maelezo marefu.

Hapo kwenye upande wa mama ndipo palipo na machungu mengi zaidi katika historia hii, na tunaona yanasahaulika upesi mno.

Kwa katiba ya zamani ya Kenya, mtoto aliyezaliwa nje ya nchi baada ya uhuru alikuwa Mkenya iwapo baba yake ni Mkenya. Mama hakuhesabiwa. Binti wa Lamu aliyeolewa na Mswidi na kujifungulia Stockholm alizaa mgeni, na alipotaka kurudi kwao na mwanawe, mwanawe aliingia Kenya kwa viza kama mtalii. Uingereza, iliyojiona mbele ya kila mtu, ilikuwa hivyo hivyo: hadi mwisho wa mwaka 1982 mwanamke Mwingereza aliyezaa ng'ambo hakumrithisha mwanawe uraia kama alivyoweza mwanamume. Sheria mpya ilianza tarehe 1 Januari 1983, na waliozaliwa kabla ya siku hiyo walisubiri miaka mingi ndipo wakatengenezewa njia ya kujiandikisha.

Aliyeipasua kuta hii barani kwetu alitoka Botswana. Unity Dow, mwanasheria, aliolewa mwaka 1984 na Mmarekani. Alikuwa tayari na mtoto mmoja aliyezaliwa mwaka 1979, kabla ya ndoa, na baadaye wakazaliwa wawili zaidi, mwaka 1985 na mwaka 1987. Wote watatu walizaliwa Botswana, kwa mama mmoja. Kwa sheria ya uraia ya mwaka 1984, wa kwanza alikuwa Mbotswana kwa kuwa alizaliwa nje ya ndoa na hivyo alimfuata mama, na wale wawili wa ndani ya ndoa walikuwa wageni katika nchi ya mama yao, wakiishi kwa kibali cha baba yao na bila haki ya pasi ya Botswana. Mama alikwenda mahakamani. Alishinda Mahakama Kuu mwaka 1991, serikali ikakata rufaa, akashinda tena mwaka 1992, na mwaka 1995 sheria ikabadilishwa. Kenya ilifika huko kwa katiba ya 2010, ambapo mtoto ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku ile alipozaliwa mama au baba yake ni raia, awe amezaliwa Kisumu au Kanada. Tanzania ilikuwa imeshamhesabu mama katika Sheria ya Uraia ya 1995.

Tukitoka kwa Unity Dow, kuna kisa kingine cha mtoto ambacho wenzetu wa Uingereza hasa wanapaswa kukijua, kwa maana kilimalizikia Leicester, mji ambao Waafrika Mashariki tumeujaza tangu miaka ya 60 na 70.

Kijana mmoja wa asili ya Ghana alizaliwa Uingereza, akapelekwa Ghana kukaa na baba yake, kisha mwanzoni mwa miaka ya 80 akarudi peke yake kuungana na mama, ndugu yake wa kiume na dada zake wawili. Uwanja wa ndege walimtilia shaka. Walidhani aliyekwenda siye aliyerudi, kwamba labda huyu ni mtoto wa mtu mwingine kabisa, au ni mtoto wa dada wa yule mama. Vipimo vya damu vya siku hizo vilionyesha kuwa ni ndugu, lakini havikuweza kutofautisha kama yule mwanamke ni mama yake au ni shangazi kwa maana yao Waingereza, yaani dada wa mama.

Tutue hapo kidogo. Kwa Kiswahili dada wa mama ni mama. Ni mama mkubwa au mama mdogo, na aliyelelewa naye hamwiti kwa jina jingine. Wangapi katika sisi tulilelewa na mama mdogo, tukaandikwa shuleni kwa jina la mumewe, na hakuna aliyeona ajabu? Serikali ilitumia uwezo wake wote wa kisayansi kutafuta tofauti ambayo lugha yetu haikuona haja ya kuiweka. Wala hatusemi kwamba serikali haikuwa na haki ya kuuliza, maana wapo waliowapitisha wapwa kama wana, na tunawajua. Tunasema tu kwamba pasi imeandikwa kwa lugha ambayo ndani yake mama ni mmoja.

Mwanasayansi Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester alikuwa amegundua mwezi Septemba 1984 namna ya kusoma alama za vinasaba ambazo haziwi sawa kwa watu wawili, pacha wa kufanana wakiachwa. Alipoombwa amtazame yule kijana, baba hakuwapo. Basi akachukua damu ya mama na ya wale watoto watatu ambao hawakuwa na ubishi. Kila alama waliyokuwa nayo watoto na mama hana, ilikuwa ya baba. Kwa njia hiyo akampata baba bila kumwona. Kisha akamlinganisha kijana: alama zake zote zilitoka kwa mama yule au kwa baba yule. Mwaka 1985 serikali iliacha kumpinga, na hiyo ikawa kesi ya kwanza ya uhamiaji duniani kuamuliwa kwa vinasaba. Kabla kipimo hicho hakijamtia hatiani muuaji yeyote, kilikuwa kimeshamrudisha mtoto kwa mama yake.

Mstari wa wino katika kitabu cha baba haukudumu baada ya hapo. Uingereza iliukata tarehe 5 Oktoba 1998: kuanzia siku hiyo mtoto asiyekuwa tayari katika pasi ya mzazi alitakiwa awe na yake mwenyewe. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuzuia watoto kuibwa na mzazi mmoja na kuvushwa mipaka, na sababu hiyo ilikuwa ya kweli. Ya pili ilikuwa mashine. Chini ya ukurasa wa picha kuna mistari miwili ya herufi na alama, kila mmoja una nafasi 44, na mashine husoma humo jina moja, tarehe moja, namba moja. Watoto watano hawaenei. Mashirika ya ndege ya dunia nzima yalizoea mistari ile, nchi zote zikatakiwa kuanzia mwezi Aprili 2010 zitoe pasi za namna hiyo tu, na Umoja wa Ulaya ukafuta kuandikwa watoto katika pasi za wazazi mwezi Juni 2012.

Mtoto akapata kitabu chake, na sura yake. Lakini kuna kitu kilipotea ambacho wachache walikiona wakati ule. Mstari katika pasi ya baba ulimfunga mtoto, ila ulisema ni wa nani. Kitabu chake kipya, katika nchi nyingi, hakisemi. Kina jina lake na mahali alipozaliwa, basi.

Kwa wenzetu wa Ulaya pengo hilo huzibwa na jina la ukoo. Kwetu jina la ukoo halikai hivyo. Tuchukue mfano wa kubuni tu: baba ni Salim Juma Mbarak, mama ni Mwanaisha Bakari Hamisi, na mtoto ameitwa Ali Salim Juma, jina lake, la baba na la babu, kama ilivyo desturi. Pasi inachukua la mwisho. Kwa hiyo katika nyumba moja baba ni Bwana Mbarak, mama ni Bi Hamisi, kwa kuwa mwanamke wetu haachi jina la baba yake kwa sababu ameolewa, na mtoto ni Juma. Watu watatu, majina matatu, na afisa mbele yao anatazama vitabu vitatu visivyojuana. "Huyu ni mwanao?" anamuuliza mama, na mtoto amelala begani.

Ndiyo maana karatasi zimezidi badala ya kupungua. Cheti cha kuzaliwa, ambacho zamani kilikaa kabatini, sasa husafiri. Marekani tangu mwaka 2001 ilitaka ridhaa ya wazazi wote wawili kwa pasi ya mtoto wa chini ya miaka 14, na baadaye ikapandisha hadi chini ya 16. Afrika Kusini iliamua mwezi Juni 2015 kwamba mtoto asivuke mpaka wake bila cheti kamili chenye majina ya wazazi, familia zikarudishwa kutoka viwanja vya ndege, wenye mahoteli wakalia, na miaka michache baadaye masharti yakalegezwa. Familia ambayo baba ni baharia au yuko kazini nchi ya tatu inalijua tatizo hili vizuri. Saini ya baba inatafutwa kwa wiki nzima, na akipatikana anaambiwa aliyeishuhudia siye anayetakiwa.

Tuendelee na nyumba hiyo ya Bwana Mbarak, kwa kuwa mfano wake unafaa. Tuseme alizaliwa Mombasa, akaenda Leicester kijana, akapata uraia wa Uingereza mwaka 1995. Mkewe ni mzaliwa wa Tanga na ana pasi ya Tanzania. Binti yao wa kwanza alizaliwa Leicester mwaka 1999. Mwaka 2003 wakarudi Mombasa kufanya biashara, na mwaka 2005 akazaliwa Ali. Biashara haikushika, mwaka 2009 wanarudi Uingereza. Ali anahitaji pasi. Ya nchi gani?

Msomaji atasema ya Kenya, amezaliwa Mombasa, hata udongo unashuhudia. Lakini Kenya ya mwaka 2005 haikuruhusu uraia wa nchi mbili. Baba yake alipochukua wa Uingereza aliupoteza wa Kenya, na mama ni Mtanzania. Mtoto aliyezaliwa Kenya alikuwa Mkenya ikiwa mzazi mmoja ni Mkenya, na Ali hakuwa na hata mmoja. Amezaliwa katika mji alimozaliwa baba yake na babu yake, na ni mgeni humo. Katiba ya 2010 ilimruhusu baba kuomba uraia wake urudishwe. Kwa waliozaliwa kabla yake, kama Ali, ilitosha mzazi awe raia au awe aliwahi kuwa raia, lakini mwaka 2009 katiba hiyo haikuwapo bado.

Ni Mtanzania, kwa kurithi kutoka kwa mama. Ni Mwingereza pia, kwa kurithi kutoka kwa baba, madhali wazazi wameoana na cheti cha ndoa kipo. Hapa wengi hujikwaa: kwa waliozaliwa kabla ya tarehe 1 Julai 2006, baba Mwingereza asiyeoana na mama hakurithisha uraia, na ndoa iliyofungwa na sheikh mbele ya mashahidi bila kuandikishwa humweka karani katika mashaka hata kama kijiji kizima kilikula pilau.

Basi Ali akapata pasi ya Uingereza, rangi moja na ya dada yake. Ukizilaza mezani hutazitofautisha. Ila zinatofautiana, na tofauti itaonekana watakapozaa. Dada ni Mwingereza wa kuzaliwa. Akienda kufanya kazi Dubai na kujifungulia huko, mwanawe ni Mwingereza siku hiyo hiyo. Ali ni Mwingereza wa kurithi. Akijaliwa mtoto Dubai, mtoto huyo hazaliwi Mwingereza, isipokuwa mama yake ampe njia. Wakitaka kurudi Leicester, kwanza mtoto aombewe kuandikishwa, na baba aonyeshe kwamba kabla ya mtoto kuzaliwa aliwahi kuishi Uingereza miaka mitatu mfululizo, na kwamba babu alikuwa raia asiye wa kurithi. Zamani ombi hilo lilipaswa kupelekwa ndani ya miezi 12 tangu kuzaliwa, na wapo waliochelewa wakajuta. Tangu mwezi Januari 2010 ni kabla ya kutimia miaka 18. Ada yake si ya mchezo. Tanzania nayo ina ukomo wa namna hiyo hiyo: aliyepata uraia kwa kurithi hamrithishi mwanawe aliyezaliwa nje. Kwa hiyo mtoto wa Ali, mjukuu wa Mombasa na Tanga na Leicester, anaweza kufungua macho bila uraia wa Tanzania wala wa Uingereza.

Haya hayamo katika ukurasa wa picha. Hakuna mahali pasi inaposema "wa kuzaliwa" au "wa kurithi". Tunawasihi wazazi wayaandike wenyewe, katika bahasha moja na vyeti, kwa mwandiko unaosomeka: nani alizaliwa wapi, mzazi yupi alikuwa raia wa wapi siku hiyo, kwa njia gani. Baada ya miaka 20 hakuna atakayekumbuka, na aliyekumbuka huenda hayupo.

Lipo pia suala la miaka 18, ambalo Watanzania wa nje wanalijua kwa uchungu. Tanzania humvumilia mtoto mwenye uraia wa nchi mbili hadi atimie umri huo. Baada ya hapo, asipoukana ule mwingine, wa Tanzania unaondoka. Uganda ilifungua mlango wa uraia pacha kwa sheria ya mwaka 2009, Rwanda na Burundi zilitangulia, Kongo katika katiba yake ya 2006 ilisema uraia wake ni mmoja na hauchanganywi. Tanzania imekuja miaka ya karibuni na hadhi maalumu kwa watu wenye asili yake, ambayo inasaidia mambo kadhaa lakini si uraia. Kwa maoni yetu mtu hawezi kuambiwa achague kati ya mama na baba akiwa katikati ya mtihani wa kumaliza shule, na ndivyo inavyotokea, kwa kuwa miaka 18 huangukia hapo hapo. Wengi hawachagui. Hawajui hata kwamba waliulizwa. Wanagundua wakiwa na miaka 25, wanapokwenda ubalozini kuomba pasi mpya ya kwenda kumzika bibi, na wanauziwa viza.

Pasi ya mtoto ya Uingereza hudumu miaka 5. Mtoto akiwa chini ya miaka 12 haisaini, nafasi ya saini huachwa tupu. Na akiwa chini ya mwaka mmoja picha yake inakubaliwa hata akiwa amefumba macho. Ndiyo maana wapo watoto wetu wa miaka 4 na nusu wanaosimama mbele ya dirisha la uhamiaji, wamevaa viatu vya kuwakawaka, wakiongea Kiswahili cha Tanga na Kiingereza cha Leicester katika sentensi moja, na afisa anainua kitabu, anatazama kile kitoto cha miezi minne kilicholala pichani, anamtazama aliye mbele yake, anatazama tena. Kisha anainama kwenye kioo na kumuuliza mwenyewe, polepole, kama anayeongea na mtu mzima, huyu uliyekuja naye ni nani wako.